Namna ya Kumzuia Kobe Asitoroke

Watu wengi wakiambiwa kwamba kobe ametoroka, hucheka kwanza, ndipo huuliza. Mimi pia nilikuwa katika hao wachekao. Nilipokuwa Kidato cha Kwanza, Mwalimu wetu wa Biolojia alitafuta wanafunzi wawili wa kuwatunza kobe wanne wa shule, nami nikanyosha mkono kabla ya wote, maana niliona hapana kazi nyepesi kama hiyo. Wenzetu wa kuku walikuwa wakiamka kabla ya kengele, na wa bustani wakichota maji kutwa. Lakini kobe, nilisema moyoni, ukimweka mahali asubuhi, jioni utamkuta papo hapo.

Leo nimo Kidato cha Tatu. Katika muda huo kobe wetu wametoka bomani mara tatu, na mara ya tatu ilikuwa kwa kosa langu mwenyewe. Naandika habari hizi ili msomaji apate bure yale tuliyoyapata sisi kwa gharama.

Kwanza nieleze jinsi walivyotufikia. Shule yetu iko katika nchi kavu ya kati ya Tanzania, nchi ya mibuyu, miiba na mawe, nayo ni nchi ya kobe tangu zamani. Hawa wanne ni wa aina iitwayo kobe-chui, kwa ajili ya madoa meusi yaliyotawanyika juu ya gamba lao la manjano. Walikuwa wamefugwa miaka mingi na mtu asiyekuwa na kibali, wakachukuliwa na Ofisa wa Wanyamapori, yule ambaye babu zetu walimwita Bwana Nyama. Kwa kuwa hakuna aliyejua waliokotwa pori gani, na mnyama aliyekaa sana na watu aweza kupeleka maradhi kwa wenzake wa porini, hawakuachwa waende zao. Shule ilipewa kibali cha maandishi, nasi tukakabidhiwa.

Mkubwa wao tulimwita Mzee Tundu, kwa sababu ukingoni mwa gamba lake, upande wa nyuma, pana tundu la kupitisha kamba. Hiyo ndiyo njia waijuao watu wengi ya kumzuia kobe: kumtoboa, kumtia kamba, na kumfunga mtini kama mbuzi. Nataka niseme wazi kwamba njia hii ni ukatili. Gamba la kobe si nyumba aliyoiazima. Limeungana na uti wa mgongo na mbavu zake. Ni mfupa ulio hai, wenye damu na mishipa ya fahamu, na juu yake umefunikwa kwa vigae vigumu vya kitu kile kile kifanyacho kucha zetu. Kulitoboa ni sawa na kumtoboa mtu ubavu. Tena kamba humzonga miguu, na kobe aliyefungwa juani hawezi kukifuata kivuli kinapohama. Basi Mwalimu alituambia tangu siku ya kwanza: kobe hawa hawatafungwa kamba kamwe, watajengewa boma.

Wengine watatu tuliwaita Bibi Pole, kwa utulivu wake. Kinara, jike dogo lipendalo kupanda juu ya kila kitu. Na Haraka, dume kijana ambaye siku zote alikuwa wa kwanza kufika penye majani. Tulimpa jina hilo kwa mzaha.

Boma letu la kwanza tulilijenga Jumamosi moja tu. Tulisimamisha miti, tukazungusha wavu wa waya, ule wa mabanda ya kuku, wenye kimo cha nusu meta, tukaenda kucheza mpira. Ndani ya siku nne tuliona makosa mawili. La kwanza ni kwamba waya humwonyesha kobe yaliyoko nje. Kobe huyaona majani mabichi upande wa pili, lakini hafahamu kwa nini hafiki. Hafikiri kuzunguka wala kurudi nyuma, husukuma. Alitembea ukingoni mwa wavu tangu asubuhi hata jioni, akiusukuma kwa pua, mpaka pua ya Bibi Pole ikachubuka ngozi. La pili ni kwamba wavu ni ngazi. Kobe ana kucha imara, na kila tundu la waya ni kipandio. Katikati ya wavu hupanda kidogo akaanguka. Lakini penye pembe, pale pande mbili zinapokutana, huweka mguu mmoja upande huu na mguu wa pili upande ule, akajiinua kama mtu apandaye katikati ya kuta mbili. Hivyo ndivyo Haraka alivyotoka.

Siku mbili tulimtafuta tusimwone. Siku ya tatu akaja mzee mmoja wa kijiji cha jirani, amembeba kwapani. Tukamwamkia, “Shikamoo, babu.” Akaitikia, “Marahaba, wanangu. Mbuzi wa shule nawajua, na kuku wa shule nawajua. Je, mwanafunzi huyu aliyekula kunde zangu ni wa kidato gani?” Tuliomba radhi, na Jumamosi iliyofuata tukaenda kumpalilia shamba.

Boma la pili lilikuwa la matofali. Tulikwisha jifunza kwamba ukuta usipitishe macho, basi tukapanga matofali, moja juu ya jingine, bila udongo wala saruji kati yake, wala hatukuchimba msingi. Lilipendeza kwa kulitazama. Tatizo la waya liliondoka kabisa: kobe akiwa haoni nje, baada ya siku chache huacha kusukuma, akashughulika na ya ndani. Lakini ikanyesha mvua kubwa usiku, maji yakapita chini ya matofali ya upande wa bondeni na kuuchukua udongo. Mzee Tundu, mwenye uzito wa kilo 13, akaona mwanya. Kobe aonapo mwanya unaopitisha kichwa hudhani gamba nalo litapita. Hupenyeza kichwa, hufuatisha mabega, kisha hukaza miguu ya nyuma na kusukuma. Gamba lake limeinuka katikati na kushuka ukingoni, basi huingia chini ya kitu na kukiinua kama kabari. Matofali kumi na mawili yakaanguka. Tulimkuta nyuma ya jiko, anakula majani ya kabichi, na mpishi akatuambia kwamba mgeni wetu alifika kabla ya uji kuiva.

Baada ya hapo Mkuu wa Shule alitupa mifuko ya saruji, na fundi wa shule akatusaidia kujenga ukuta wa kweli. Ukuta huo ungalipo na ni mzuri. Lakini mlango ulikuwa ubao mmoja uliofungukia nje, bila kizingiti, na komeo lake lilikuwa la kuinamia.

Jioni moja ya muhula wa kwanza, nikiwa Kidato cha Pili, nilikuwa nimeingiza majani, mikono miwili imejaa. Nikiwa ndani, kengele ya chakula ikalia. Nilitoka mbio, nikausukuma mlango kwa kisigino, nikasikia umegonga mwimo, nikadhani umeshika. Haukushika. Asubuhi kobe walikuwa watatu. Tulimfuata Haraka kwa nyayo zake hata barabara kuu, na huko tukamkuta amekanyagwa na lori. Dereva huenda hakumwona hata kidogo, maana kobe gizani ni kama jiwe. Tulimchukua ndani ya gunia.

Nilingoja kuadhibiwa. Mwalimu hakunipiga wala hakunikaripia. Alinipa kitabu cha kobe na kuniambia niandike mwenyewe. Nikaandika: “Haraka. Alitoka kwa mlango ulioachwa wazi.” Akasoma, akaniuliza, “Ulioachwa wazi na nani?” Nikaongeza jina langu. Mpaka leo liko katika ukurasa huo, na kila mlinzi mpya wa kobe husomeshwa ukurasa huo kwanza.

Sasa nitaeleza boma lilivyo hivi leo, ili mwenye kibali na haja ya kujenga apate kuiga.

Ukuta wetu umezunguka mahali penye urefu wa meta 12 na upana wa meta 8. Juu ya ardhi una sentimita 60, na chini ya ardhi msingi umekwenda sentimita 30. Kanuni tuliyofunzwa ni kwamba ukuta usipungue mara moja na nusu ya urefu wa kobe aliye mkubwa kuliko wote, na ukizidi ni heri. Upande wa ndani umepigwa lipu laini, ili kucha zisipate pa kushika. Juu kabisa pana ukingo unaochungulia ndani, sentimita 10, kama ukingo wa kofia. Kobe akiwahi kujiinua, kichwa chake hukutana na ukingo huo akarudi chini. Pembe zote nne zimeviringwa. Penye ukuta wa pembe kali, yatosha kuweka ubao mpana juu ya pembe, umelala bapa, ukaifunika kama kipaa kidogo. Kwa maji ya mvua kuna mashimo mawili upande wa bondeni, yenye nondo zilizokaribiana kiasi cha kutopitisha kichwa cha kobe.

Asiye na saruji asikate tamaa. Magogo mazito yaliyolazwa na kukazwa kwa vigingi hufaa, na mbao hufaa, mradi nusu ya ubao wa kwanza ifukiwe ardhini. Mabati ya mapipa yaliyopasuliwa hufaa pia, lakini makali yake yakunjwe, nayo yasielekee jua la adhuhuri, kwa kuwa huwaka moto. Ua wa miiba kama wa boma la ng'ombe ni mzuri kwa nje, kuwazuia mbwa na fisi. Kwa ndani haufai, maana kobe hupenya chini ya miiba kuliko tunavyodhani.

Mlango sasa ni miwili, na kati yake pana nafasi ya mtu mmoja kusimama na kapu lake. Hufungui wa pili kabla ya kuufunga wa kwanza. Yote miwili hufungukia ndani, hata kobe akiusukuma huufunga mwenyewe. Chini pana kizingiti cha saruji cha sentimita 25, ambacho kila aingiaye hukiruka. Tena tumekaza ukanda wa mpira wa tyubu kuukuu ya baiskeli kutoka mlangoni hata kwenye mwimo, ili mlango ujivute wenyewe uachiliwapo. Kitu hiki hakikutugharimu chochote. Kingalikuwako mapema, Haraka angalikuwa hai.

Lakini ukuta na mlango ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo mimi niliichelewa kuijua, ni kuuliza: kobe anatoka kwa nini? Wahenga walisema ukiona kobe kainama ujue anatunga sheria. Kobe hatembei ukingoni mwa ukuta bila ya sababu. Huenda ana joto. Mnyama huyu hana joto lake mwenyewe kama sisi. Hutegemea jua kumpasha na kivuli kumpoza, na asipopata kimojawapo hutoka kukitafuta. Kwa hiyo nusu ya boma letu iko wazi kwa jua, na nusu iko chini ya mkwaju. Huenda ana kiu. Tumemjengea sinia pana la saruji, lenye maji yasiyopita kidevu chake, naye huingia akaloweka mwili na kunywa. Huenda ana njaa ya chakula kinachomfaa. Kobe-chui ni mla nyasi na majani. Ugali, mkate na makombo ya mabweni vinamdhuru. Huenda amepigwa. Madume hugongana kwa magamba, na aliyeshindwa hukimbilia ukingoni akitafuta njia. Basi tumepanda vichaka na kulaza magogo katikati ya boma, ili mmoja apate kujificha asionekane na mwenzake.

Au huenda ni jike lenye mayai. Mwaka jana, mwezi wa Mei, Bibi Pole alipoteza utulivu wake wote. Siku tatu alizunguka ukuta bila kula. Siku ya nne jioni tukamwona anachimba karibu na msingi, nasi tukapiga kelele kwamba anatoroka, na mwenzangu akataka kumwinua. Mwalimu akatuzuia. Alichimba kwa miguu ya nyuma, akiulainisha udongo mkavu kwa maji ya mwili wake, na giza lilipoingia akataga mayai tisa, meupe, ya mviringo, akayafukia na kuyashindilia kwa tumbo la gamba, kisha akaenda kulala kana kwamba hakuna lililotokea. Tokea siku hiyo tumemwekea pembe moja yenye udongo laini na jua, wala hahangaiki tena. Mayai hayo yalikaa ardhini miezi kumi na mmoja. Mwaka huu, mwezi wa Aprili, baada ya mvua, wakatoka wadogo wanne, kila mmoja anatosha katikati ya kiganja. Tulimpelekea Ofisa habari, na hesabu yao ikaingizwa katika kibali.

Hao wadogo wana boma lao, kwa sababu hatari yao ni nyingine. Kobe mkubwa adui wake ni wachache. Mdogo gamba lake ni laini, naye huliwa na kunguru, mwewe, nguchiro, kenge, hata panya. Basi kisanduku chao kina kuta za mbao na kifuniko cha waya. Nilishutumu waya hapo juu. Mahali pake pazuri ni hapa, juu ya kichwa, si ubavuni.

Kuna jambo jingine ambalo mjenzi wa boma hana budi kulikumbuka. Kila kitu kilicho karibu na ukuta ni ngazi: jiwe, gogo, sinia la maji, hata rundo la majani makavu. Tumeweka sheria kwamba meta moja kutoka ukutani pasiwe na kitu. Kinara alitufundisha hilo. Alipanda jiwe, akaukosa ukuta, akaanguka chali. Kobe aliyelala chali yumo hatarini kweli kweli: mapafu yake yako juu, chini ya gamba la mgongo, hata akigeuzwa matumbo huyalemea na kupumua kukawa kwa taabu, na kama ni juani, joto laweza kumwua kabla ya saa nyingi kupita. Kinara aliwahiwa. Tangu hapo twapita bomani hata saa sita mchana, si asubuhi na jioni tu.

Tulipomaliza yote haya tulijiona mabingwa, tukamwambia Mwalimu kwamba sasa hakuna kobe awezaye kutoka. Mwalimu akasema, “Vema. Je, hakuna mtu awezaye kuingia?” Kisha akatuhadithia habari za kisiwa cha Changuu, nami nitazisimulia hapa kwa ufupi, maana zilinibadili mawazo.

Changuu ni kisiwa kidogo, karibu kilomita sita kutoka Mji Mkongwe wa Zanzibar. Mwaka 1919 Gavana wa Shelisheli alipeleka huko zawadi ya kobe wanne wakubwa wa Aldabra, ambao dume lao hupita kilo 200. Walizaana vizuri, hata mwaka 1955 walikuwa wapatao 200. Fikiri boma gani lililo bora kuliko lile: bahari pande zote! Wala hakuna kobe aliyeivuka. Lakini watu waliivuka. Walikuja wakawaiba, wengine kwa kuwala, wengine kwa kuwauza ng'ambo kwa watu wapendao kufuga vitu vya ajabu. Mwaka 1988 walibaki 100 hivi. Mwaka 1990 wakabaki 50. Na mwaka 1996 wakabaki saba tu. Mwaka huo huo watoto 80 walihamishiwa Unguja ili walindwe, na huko nako 40 wakapotea. Ndipo Serikali ya Zanzibar, kwa msaada wa chama cha kimataifa cha kulinda wanyama, ilipojenga ua mkubwa kule kisiwani, na watoto wakarudishwa. Hata leo msafiri aendaye Changuu huwakuta kobe ndani ya ua huo.

Saba ndiyo hesabu ya kobe wetu, wakubwa watatu na wadogo wanne. Niliposikia hesabu hiyo nilielewa kwamba kundi la kobe 200 laweza kwisha hata likatosha katika boma la shule. Na si Changuu tu. Katika mawe ya nchi yetu hii ya kati yumo kobe mwembamba, bapa kama chapati, ambaye akitishwa hujipenyeza katika ufa wa mwamba. Kwa kawaida jike lake hutaga yai moja kwa mara moja. Aina hii haipatikani ila Afrika, na kwa wingi Tanzania na Kenya. Wafanya biashara waliwanunua kutoka kwa vijana wa vijijini miaka mingi, wakawapeleka nje, mpaka mwaka 2019 mataifa yakapatana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kobe hao waokotwao porini. Kijana aliyeuza kobe kwa shilingi chache hakujua kwamba aliuza kizazi ambacho mwamba ule hautakirudisha upesi.

Kwa sababu hiyo boma letu sasa lina kufuli, na ufunguo hukaa kwa Mwalimu wa zamu. Usiku wakubwa hulala katika kibanda cha matofali chenye paa la nyasi, na mlango wake nao una kufuli. Tumewapiga picha magamba, kwa kuwa madoa ya kobe mmoja si sawa na ya mwingine, kama alama za vidole vya watu. Hatuwapaki rangi wala kuwachora. Tunawahesabu asubuhi na jioni, mmoja mmoja kwa jina, na kuandika katika kitabu. Kila atokaye bomani hunawa mikono kwa sabuni, kwa maana kobe mzima aweza kubeba vijidudu vya kuharisha bila ya yeye mwenyewe kuugua.

Wazazi wetu watakaosoma jarida hili, nawaomba neno moja. Mwanao akija nyumbani na kobe aliyemwokota njiani, usimtafutie kamba wala usimjengee boma. Mwambie amrudishe pale pale alipomwokota, siku ile ile, akimvusha barabara upande aliokuwa akiuelekea. Sheria yetu ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kumweka mnyama wa porini bila kibali, na hata pasingalikuwa na sheria, pori ndilo boma linalomfaa. Boma la mikono yetu ni la wale tu ambao pori limekwisha wapoteza.

Nasi tulio na kobe kwa kibali tusidharau kazi hii kama nilivyoidharau mimi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini kwa kobe, usipoziba ufa, huenda usipate wa kumjengea. Kazi yenyewe si ngumu. Ni ukuta usioonyesha nje, pembe zisizopandika, msingi uliozama, mlango unaojifunga, kivuli, maji na majani. Na juu ya yote ni mtu ambaye, kengele ya chakula ikilia, atasimama kwanza mlangoni, akausukuma kwa mkono, akahakikisha kwamba komeo limeshika.